Panya wa Kundi la Saba

Pale maabara hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi walimwita Bi Taratibu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila mwaka walipokuja wapya aliwasimamisha mbele ya meza yake ya chuma, akawaonyesha kichupa kisichozidi kidole gumba, ndani yake unga mweupe umegandia chini kama pumzi juu ya kioo, akawaambia: "Hii ni peptidi. Kipande kifupi cha protini, kimekaushwa kwa baridi. Ukiitikisa kama dawa ya kikohozi utaiharibu, na hutajua kama umeiharibu. Kwa hiyo taratibu."

Kisha akawaonyesha. Kichupa kilikwisha kutolewa kwenye friji nusu saa kabla, kipate joto la chumba, maana ukikifungua kingali baridi unyevu wa hewa huingia na kuuchafua unga. Alifuta mpira wa kifuniko kwa spiriti, akaacha ukauke wenyewe, hakuupuliza. Akavuta maji kwa sindano, akachoma mpira, akayaachia maji yateremke kwenye ukuta wa kioo tone kwa tone, yasiuangukie unga. Halafu akakizungusha kichupa kati ya viganja, polepole, kama mtu anayewaza jambo jingine, mpaka unga ukapotea na maji yakabaki maangavu.

Maji yenyewe hayakuwa maji matupu. Yalikuja katika chupa zenye vifuniko vya bluu, yametiwa pombe ya benzili kidogo sana, haifiki hata sehemu moja katika mia, ili vijidudu visizaliane humo kila unapochoma sindano. Lebo iliyaita maji ya bakteriostatiki. Watu wa maabara waliyaita maji yenye kinga na mambo yakaisha. Chupa ikishachomwa mara ya kwanza aliiandika tarehe, na siku ya ishirini na nane aliimwaga hata kama imebaki nusu. Maji matupu yaliyosafishwa hayakuwa na muda huo: ukiyafungua asubuhi, jioni unayamwaga.

Alifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Hakuwa daktari wala profesa. Alikuwa fundi wa maabara mwenye cheti cha miaka miwili, mjane asiye na mtoto, mwanamke mkavu wa maneno aliyeandika kila kitu katika daftari lenye jalada gumu: chupa ipi, imefunguliwa lini, imeyeyusha nini, imepelekwa kwa panya gani. Wenzake walimtania kwamba hata akipiga chafya anaiandika. Hakukasirika. Siku moja alicheka, akasema kweli aliwahi kuiandika moja, kwa sababu ilimjia juu ya vichupa vilivyo wazi.

Ndugu aliyebaki naye duniani alikuwa mmoja tu, mdogo wake wa kike wa tumbo moja, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Cheche alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alikaa katika chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia: upande huu kitanda chake na cha binti yake, upande ule cherehani ya miguu, meza ya kukatia na marundo ya kaptura za bluu na blauzi nyeupe. Mdomo wake haukuwa na breki. Dada yake akija kumsalimia Jumapili, hata hajakaa, ameshaanza: "Karibu mama wa panya. Hujambo? Na watoto wako wenye mikia hawajambo?"

"Hawajambo. Wanakusalimu."

"Waambie nawashonea suruali, ila waniletee vipimo."

Basi ndivyo walivyokuwa. Mmoja baridi, mmoja moto, na Jumapili ikipita bila kuonana kila mmoja aliona kama kuna kitu amesahau.

Mwaka ule maabara ilipata peptidi mpya. Profesa aliyeiongoza, mwanaume mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kutafuna kalamu, aliitengeneza kwa miaka sita na kuipa namba tu: Arobaini. Kazi yake ilikuwa kufunga vidonda vya kisukari, vile vidonda vinavyokaa wazi miezi na miezi kama mdomo uliokataa kufumba. Panya walitiwa kisukari, wakachunwa duara dogo mgongoni, kisha wakagawanywa. Nusu yao vidonda vilidondoshewa maji ya chumvi, mara mbili kwa siku. Nusu nyingine walidondoshewa Arobaini, iliyoyeyushwa na Bi Taratibu kwa maji yenye kinga.

Siku ya kumi na mbili mtunza panya alipanda ngazi mbio mpaka pumzi zikamkatika. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, hakuwa na kawaida ya kukimbia.

"Mama, njoo uone," alimwambia Bi Taratibu. "Njoo uone kwa macho yako."

Walishuka pamoja. Katika vizimba vya maji ya chumvi vidonda vilikuwa wazi, vina usaha kando, panya wamejikunyata. Katika vizimba vya Arobaini, ngozi ilikuwa imefunga, waridi, nyororo, na panya mmoja alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma akinusa waya.

Jumapili ile Bi Taratibu, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusimulia mambo ya kazini, alisimulia. Furaha ilimzidi. Alimwambia mdogo wake juu ya unga, juu ya vidonda, juu ya yule panya aliyesimama. Cheche alisikiliza akiendelea kukanyaga cherehani, na alipokata uzi kwa meno alisema, "Hongera dada. Kumbe mikono yako ina baraka." Baadaye Bi Taratibu alijilaumu kwa Jumapili ile kuliko kwa jambo jingine lolote.

Kwa sababu Cheche naye alikuwa na kisukari. Alikuwa nacho miaka minane, akikichukulia kama mgeni asiyeondoka: unampa chakula chake, unaendelea na kazi zako. Miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi na hakumwambia mtu. Mwezi uliofuata alikanyaga pini ya kushikizia nguo, ikazama kwenye unyayo mpaka kichwa chake, na hakuisikia. Aliendelea kushona nayo mguuni. Binti yake, msichana wa miaka ishirini, ndiye aliyeona kanyagio la cherehani limelowa damu.

Walikwenda zahanati, wakatoa pini, wakafunga. Wiki mbili, kidonda hakijafunga. Mwezi, kimepanuka. Miezi mitatu, chumba kikaanza kunuka, harufu tamu iliyooza, na wazazi waliokuja kuchukua sare wakawa wanasimama mlangoni wakisema hawana haraka ya kuingia.

Jumapili moja mchana Cheche alimtuma binti yake dukani, akahakikisha ameondoka, akamgeukia dada yake. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Dada, ile dawa yenu."

Bi Taratibu alikuwa amelitegemea neno hilo kwa wiki kadhaa.

"Siyo dawa," alisema. "Ni utafiti."

"Imeponya panya."

"Wewe siyo panya."

"Afadhali ningekuwa. Panya wanahudumiwa mara mbili kwa siku." Cheche aliinama, akaanza kufungua kitambaa cha mguu. "Hebu tazama kwanza. Tazama halafu ndiyo useme."

"Usifungue, utaingiza uchafu," Bi Taratibu alisema haraka, akiushika mkono wa mdogo wake. "Nenda hospitali kubwa. Nitakupeleka mwenyewe."

"Nimeshakwenda. Wanasema wakikosa njia watakata. Mimi mguu ndio mkate wangu, unajua. Naomba kichupa kimoja tu. Nani atajua?"

"Imeandikwa si kwa matumizi ya binadamu. Hatujui inafanya nini kwenye damu ya mtu. Ikikuua je?"

"Nikifa kwa dawa yako nitakuwa nimekufa nikitibiwa na dada yangu. Kuna ubaya gani?"

"Siwezi, mdogo wangu."

"Huwezi au hutaki?"

Bi Taratibu alinyanyuka, akaweka kikombe chake kwenye beseni la vyombo, akaaga. Hiyo ilikuwa namna yake ya kumaliza mambo yaliyomshinda.

Jumanne ile, hata hivyo, alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulijua. Aliyeyusha vichupa tisa badala ya vinane. Cha tisa alikifunga kwa pamba, akakitia kwenye mkoba wake kati ya kitambaa cha kichwa na funguo, na saa kumi jioni akatoka nacho. Alipita mlinzi, akasalimiwa, akasalimu. Alifika kituo cha basi. Pale alisimama, na kichwani mwake wakaja panya wengine, wa miaka ya nyuma, waliopewa peptidi nyingine iliyosifiwa kama hii. Vidonda vyao vilipona vizuri sana, na mwezi wa tatu wakaota mavimbe shingoni makubwa kama karanga, kisha kama limau. Yeye ndiye aliyewashika wakipimwa. Basi lake lilikuja, likaondoka. La pili likaja, likaondoka. Alirudi, akamdanganya mlinzi kwamba amesahau miwani, akakimwaga kichupa kwenye ndoo ya taka, na katika daftari, kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote, akaandika uongo: kimoja kimevunjika.

Mguu ulikatwa wiki saba baadaye, chini kidogo ya goti, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeshafika mfupani. Bi Taratibu aliomba ruhusa kazini, akafika wodini na nguo safi na chupa ya chai. Cheche alikuwa amelala akitazama ukuta. Hakugeuka.

"Umekuja," alisema. "Wanao hawajambo?"

Bi Taratibu aliweka nguo safi kwenye ukingo wa kitanda.

"Nauliza panya wako. Bado wana miguu minne kila mmoja?"

"Cheche, mdogo wangu..."

"Acha chai hapo. Halafu usije tena, dada. Kwangu usije tena."

Na hakuja. Yaani alijaribu, mara mbili, akakuta pazia limeshushwa na binti akiwa mlangoni, macho chini, akisema, "Mama mkubwa, mama amelala." Mara ya tatu hakujaribu. Habari alizipata kwa huyo mpwa wake, ambaye alipitia kwake kila mwisho wa mwezi: mama amepewa magongo hayataki, mama hawezi tena cherehani, binti mwenyewe ndiye anayekanyaga, mama anashona vifungo na pindo kwa mkono, amekaa kitandani, mama hacheki. Hilo la mwisho msichana alilisema kana kwamba ni dalili ya kumwambia daktari.

Pale maabara mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine kabisa. Kundi la pili la panya lilipona, la tatu likapona, la nne, la tano, la sita. Wageni walikuja na suti, wakavishwa makoti meupe, wakapiga picha karibu na vizimba. Profesa aliandika, akasafiri, akarudi na mafriji mawili mapya. Watu walianza kusema wazi kwamba baada ya hapa ni binadamu. Mtunza panya alinunuliwa buti mpya na akazivaa hata siku za kiangazi. Bi Taratibu aliyeyusha, akazungusha, akaandika. Kila kundi lililopona lilimchoma moyo upya. Akimtazama panya wa kisukari mwenye ngozi nzuri, aliona unyayo wa mdogo wake, unyayo ambao hakuwahi kuutazama.

Ikafika zamu ya kundi la saba. Shehena ya maji yenye kinga ilizuiliwa mpakani kwa karatasi fulani iliyokosa muhuri, na wiki tatu zikapita. Bi Taratibu alimwendea Profesa.

"Chupa ya mwisho imefika siku ya ishirini na nane. Siwezi kuitumia."

"Tumia maji matupu yaliyosafishwa," Profesa alisema bila kuinua macho. "Yeyusha kila asubuhi kiasi cha siku hiyo, jioni mwaga. Maji ni maji."

Akafanya hivyo. Ilikuwa kazi mara nne ya kawaida. Alikuja mapema, akayeyusha, akampelekea mtunza panya kwa mkono wake. Siku ya kumi na mbili hakuna aliyepanda ngazi mbio. Mtunza panya alikuja akiburuta buti.

"Mama, hawa wa safari hii wamegoma."

Walikwenda wakatazama. Vizimba vya maji ya chumvi, vidonda wazi. Vizimba vya Arobaini, vidonda wazi. Ungebadilisha vibao vya majina usingejua. Profesa alishuka, akatafuna kalamu, akasema kundi hilo limekuja na ugonjwa kutoka kwa mfugaji, lifutwe, lisiingizwe kwenye hesabu. Wanafunzi wakafuta. Wiki iliyofuata maji yenye kinga yakafika, kundi la nane likaanza, na likapona kama kawaida.

Bi Taratibu hakuwa mtu wa kufuta. Mchana mmoja, wengine wamekwenda kula, alikaa kwenye stuli yake na kufungua madaftari ya miaka miwili. Hakuchukua muda. Kila ukurasa uliandikwa na mkono wake, na kila ukurasa ulimwambia jambo lile lile: kundi la kwanza, maji yenye kinga; la pili, yenye kinga; mpaka la sita. La saba, matupu. La nane, yenye kinga. Na upande wa pili, wale wa kulinganisha nao, siku zote maji ya chumvi yasiyo na kitu. Hakuna hata panya mmoja aliyewahi kupewa maji yenye kinga peke yake. Hakuna aliyelifikiria hilo, naye mwenye maji mkononi hakulifikiria.

Alifunga madaftari, akashuka kwenye vizimba.

Alimwomba mtunza panya vizimba viwili vya pembeni, panya sita na sita, na akamwambia ukweli kwamba hana ruhusa. Yule mzee alikuna kichwa.

"Tukikamatwa?"

"Nitasema nilikulazimisha."

"Nani ataamini? Wewe unalazimisha mtu?" Lakini akatoa panya.

Sita walidondoshewa maji ya chumvi. Sita walidondoshewa maji yenye kinga peke yake, bila chembe ya Arobaini. Siku ya kumi na moja, vidonda vya hao sita wa pili vilikuwa vimefunga, waridi, nyororo. Ilikuwa ni ile pombe kidogo tu. Ilivizuia vijidudu visile kidonda, na mwili wa panya ukajifanyia kazi yake wenyewe. Arobaini haikuwa kitu. Kwa miaka sita ya Profesa na miwili ya vizimba, haikuwa kitu.

Na hapa jambo la aibu: kitu cha kwanza alichokisikia Bi Taratibu kilikuwa furaha. *Sikumnyima kitu.* Alisimama mbele ya vizimba akijirudia maneno hayo. Halafu akamwona mtunza panya anamtazama, uso umemshuka, maana mzee huyo alikuwa ameshaelewa kazi yake inakwenda wapi, na ile furaha ikamtoka.

Profesa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakubisha. Alielewa kwa haraka kuliko Bi Taratibu alivyotarajia, na kadiri alivyoelewa ndivyo rangi ilivyomtoka. Mwisho aliuliza swali moja.

"Nani mwingine anajua?"

"Mtunza panya."

"Sawa. Tutarudia, kwa utaratibu mzuri, kundi kubwa. Mpaka hapo tusiseme. Umenielewa, mama? Siyo kuficha. Ni kuwa na uhakika."

"Nimekuelewa."

Akasubiri. Mwezi mmoja, Profesa safarini. Mwezi wa pili, vizimba vimejaa. Mwezi wa tatu alikuta juu ya meza ya katibu rundo la fomu mpya, na akasoma ya juu. Ilikuwa ni ya wagonjwa. Watu thelathini wenye vidonda vya kisukari vya miguuni wangepewa Arobaini kwa wiki kumi na mbili, na kwa wiki hizo dawa zao nyingine za kidonda zingesimamishwa, ili ijulikane kilichoponya ni nini. Alisoma mstari huo mara tatu. Wiki kumi na mbili. Mdogo wake alikatwa mguu kabla ya wiki hizo kufika mara mbili.

Alirudi kwa Profesa, akamwekea fomu mezani.

"Hawa watu watakatwa," alisema.

"Hujui."

"Wewe ndiye usiyejua. Mimi nimeona."

"Mama, kuna watu kumi na mmoja wanakula kwa maabara hii. Na wewe ukiwemo." Sauti yake haikuwa ya vitisho. Ilikuwa imechoka, kama ya mtu anayeomba asukumwe au aachwe. "Nipe muda."

"Nimekupa miezi mitatu."

Aliandika barua ya kurasa tatu kwa kamati ya maadili ya taasisi, akaambatanisha nakala za daftari. Hata ule ukurasa wa kichupa kilichovunjika aliuweka, na pembeni akaandika kweli: hakikuvunjika, nilikichukua, nikakimwaga. Hakueleza kwa nini.

Kamati ilirudia majaribio mahali pengine, na ikawa vilevile. Fomu zikachanwa. Waliokuwa wakigharamia wakajitoa wote kwa wiki moja, na maabara ikafungwa kabla ya mwisho wa mwaka. Watu kumi walimwaga unga. Profesa alisafisha ofisi yake mwenyewe, sanduku kwa sanduku, akampita Bi Taratibu kwenye ngazi mara nne bila neno, na mara ya tano akasema tu, "Ningeifanya. Ile ya kurudia. Ningeifanya." Pengine alikuwa anasema kweli.

Panya waliobaki walikuwa mia mbili na sita. Kanuni inasema hawaruhusiwi kutoka, basi mtunza panya aliwaua kwa gesi siku mbili mfululizo, wanne wanne, akiwa amevaa zile buti. Alipomaliza alipanda kumuaga Bi Taratibu, macho mekundu.

"Ungenyamaza tu, mama," alisema. "Sikulaumu. Ila ungenyamaza."

Yeye peke yake hakufukuzwa. Taasisi iliona haya. Walimpeleka ghorofa ya chini kuosha vyombo vya kioo vya maabara nyingine, ambako wafanyakazi walimwitikia salamu kwa kichwa na kunyamaza alipoingia chumba cha chai.

Hapo ndipo alipokata shauri kwenda kwa mdogo wake. Hakutuma salamu kwanza. Alikwenda Jumamosi mchana, akainua pazia mwenyewe.

Cheche alikuwa kitandani, amekonda mpaka shingo imerefuka, mapajani ana blauzi nyeupe na sindano mkononi. Alimtazama dada yake.

"Sema umesimama," alisema. "Kiti kina nguo za watu."

Bi Taratibu akasema akiwa amesimama. Alieleza kama alivyozoea kuwaeleza wanafunzi, hatua kwa hatua: maji, chumvi, kundi la saba, panya sita. Cheche aliendelea kukaza kifungo.

"Kwa hiyo ni maji," alisema mwishoni.

"Ni maji. Yenye kinga kidogo."

"Hayo maji yangeponya mguu wangu?"

"Hapana. Kidonda cha panya ni cha juu ya ngozi. Chako kilikuwa kimeshaingia ndani."

"Ulijuaje? Hukukitazama."

Bi Taratibu aliuhamisha mkoba wake mkono wa pili.

"Nilikwambia tazama kwanza," Cheche alisema, bila hasira, akiuma uzi. "Ukanishika mkono. Ungekitazama halafu ukanikatalia, ningekutukana siku tatu na yangeisha. Lakini ulitaka kuondoka. Nilikuona unavyotaka kuondoka." Aliikunja blauzi, akachukua nyingine. "Miaka hii nimelala na neno moja, kwamba dawa ipo na dada yangu ameikalia. Lilinisaidia, ujue. Sasa umekuja kuniambia hakukuwa na dawa. Nimlaumu nani? Panya?"

"Nilaumu mimi."

"Nitajaribu."

Neno la kile kichupa cha tisa, na kituo cha basi, lilimfika Bi Taratibu kwenye ulimi. Alilirudisha. Alijua analitaka kwa ajili yake mwenyewe. Badala yake akasema, "Naomba niutazame sasa. Ulipobaki."

Cheche alitoa kicheko kifupi, kikavu, cha kwanza kusikika chumbani humo kwa muda mrefu. "Umechelewa, dada. Ule mwenyewe walishauzika." Lakini alivuta shuka pembeni. Bi Taratibu aliondoa nguo za watu kwenye kiti, akakaa, akatazama. Alitazama pia mguu uliobaki, na kwenye kisigino akaona doa jeusi la ukubwa wa kifungo. Akalitazama muda mrefu.

"Hilo la lini?"

"La juzi. Usiniambie kitu."

Akamwambia hata hivyo, na Jumatatu akampeleka hospitali. Safari hii walitaka kukata mapema. Cheche alikataa. Alisema hana mguu wa kumpa mtu. Bi Taratibu alimbembeleza, akalia, akaleta mpaka daktari wa figo aongee naye, kwa maana figo nazo zilikuwa zimeanza. Alikuja kila siku baada ya kuosha vyombo, akasafisha kidonda kile kwa mikono yake, polepole, akiacha ngozi ikauke yenyewe. Hawakuongea sana. Siku nyingine Cheche aliuliza habari za taasisi, siku nyingine alimwambia dada yake aache kupumua kwa nguvu. Neno la msamaha halikutajwa na yeyote kati yao.

Cheche alikufa miezi mitano baadaye, saa nne asubuhi, wodini, wakati Bi Taratibu yuko kazini na mikono imo kwenye sabuni.

Chumbani ziliachwa sare thelathini na mbili ambazo hazijakwisha, na shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile. Baada ya mazishi binti alikaa kwenye cherehani, Bi Taratibu akakaa kitandani kwa mdogo wake na vifungo. Hakuwa fundi; kifungo kimoja alikishona mara tatu ndipo kikakaa sawa. Wazazi walianza kufika. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye haraka, aliyechungulia ndani na kuuliza fundi yuko wapi, mbona blauzi ya mwanawe haijakwisha na alishaahidiwa. Binti aliinamia cherehani. Bi Taratibu alinyanyua macho akamwambia fundi amefariki, na kwamba vimebaki vifungo viwili, akae kidogo kwenye kiti.